Namba Nne

Hermosillo, Julai, saa saba mchana.
Kipimajoto cha duka la dawa kimeandika arobaini na sita
kisha kikazimika, kama aliyesema ukweli akaona haya.
Saa nane na nusu mama anangojwa kliniki,
kwenye mashine inayomsafisha damu,
na feni ya Nissan imegoma.

Nazungusha swichi: moja, mbili, tatu.
Hizo zilikufa mwaka juzi, matanga yake tulishaanua.
Lakini nne! Nne haijawahi kutuangusha.
Leo nne nayo kimya.

Kaka yangu Fermín, kwenye simu, kutoka Tucson:
"Ni gesi hiyo, Otilia. Jaza gesi."
Kwa Fermín kila ugonjwa ni gesi;
hata ndoa yake ilipovunjika nadhani aliitafutia mtungi.
Nafungua boneti. Kompresa inashika: ta!
Nalipapasa bomba nene, linatoka jasho,
baridi kama soda iliyolala kwenye barafu.
Gesi ipo, Fermín.
Baridi imepikwa, imeiva, iko jikoni,
aliyekosekana ni wa kuipakua.

Fyuzi ya manjano, ishirini: nzima.
Relei naibadilisha na ile ya honi,
honi inalia, mbwa wa jirani anaijibu,
basi relei haina hatia.
Nalala chali chini ya dashibodi, miguu nje mlangoni,
kifungo cha mkanda kikinipiga pasi shingoni,
nachomeka taa ya kupimia kwenye waya wa feni.
Inawaka.
Umeme unafika mpaka kizingitini,
unapiga hodi, hakuna wa kuitikia.

Navua kiatu. Naigonga mota kwa kisigino.
Vuuu! Pumzi mbili za vumbi,
vijani vya paloverde,
manyoya ya paka tuliyemzika Pasaka,
halafu kimya tena.

"Gonga tena," anasema mama.
Amekaa kwenye ngazi, penye kivuli cha upana wa kanga,
mkono wa sindano ameulaza pajani
kama kitu alichoazimwa.
Nagonga. Anainamisha kichwa.
Miaka thelathini na nane alishona jinzi kiwandani,
cherehani mia mbili chumba kimoja,
akazijua moja moja kwa kikohozi.
"Brashi," anasema. "Kaboni imelika, haigusi.
Niletee kopo la biskuti."

Ndani ya kopo: vifungo, bobini, rozari isiyo na msalaba,
na ndani ya kipande cha gazeti, brashi mbili za cherehani.
Nene mno.
Anazisugua mwenyewe kwenye saruji ya ngazi,
taratibu, akipima kwa ukucha,
anapuliza, anasugua,
vidole vinakuwa vyeusi kama vya mkaa.
Nataka kusema twende tu, tufungue madirisha.
Natazama saa.
Sisemi.

Skrubu tatu zinarudi. Ya nne
imeangukia pasipojulikana, na ibaki huko.
Nne, nasema, nikizungusha swichi. Nne, tafadhali.
Na feni inaamka na hasira za aliyekatizwa usingizi,
inatutemea usoni mchanga wa miaka,
risiti ya petroli yenye saini ya baba,
kisha hewa, kisha baridi,
baridi ya kweli, ya kuumiza meno.

Taa nyekundu ya kwanza, mama ananigusa bega.
"Otilia, punguza kidogo. Nasikia baridi."
"Haipungui, mama. Ni nne au hakuna kitu."
Anacheka. Tangu Jumanne hajacheka.
Anavuta shali kutoka kiti cha nyuma,
anaufunika kwanza mkono ule,
kisha, kwa kidole cheusi,
anageuzia tundu la hewa upande wangu.